Riwaya nne za mtoto aliyesaliti: uanze na ipi?

Nilikuwa na miaka 10 nilipofungua fundo la kanga ya mama na kuchukua noti ya shilingi 500. Kanga ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, fundo limekazwa kwa meno, na kulifungua kulinichukua muda mrefu kuliko kuitumia hela yenyewe. Jioni mama alipoikosa noti hakuniuliza mimi. Alimuuliza dada wa kazi, msichana wa miaka 16 hivi, aliyekuwa akinifulia sare za shule na kuniwekea ukoko wa wali kwenye sahani bila kuombwa. Dada akasema hajui. Nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, na mdomo sikuufungua. Kesho yake asubuhi alipandishwa basi, kifurushi chake cha nguo mapajani.

Tangu nianze kusoma riwaya kwa hiari yangu, zinazonikamata kuliko zote ni za aina hii: mtoto au kijana anamtendea mtu ubaya, analinyamazia jambo, kisha anakua nalo. Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne Novemba na sasa yuko nyumbani akisubiri matokeo. Wiki iliyopita aliniomba nimchagulie riwaya moja "inayouma". Nikaweka nne mezani: The Kite Runner ya Khaled Hosseini, Atonement ya Ian McEwan, Great Expectations ya Charles Dickens, na Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kumwambia asome zote kungekuwa kulikwepa swali lake. Nikakaa nikazilinganisha, na niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya wengine wenye swali hilohilo.

Nitangulize jambo moja. The Kite Runner nitaifunua kwa mapana, maana bila kufanya hivyo siwezi kueleza inakonifurahisha na inakonikera. Miisho ya Atonement na Peponi nimeifunga. Hiyo uikute mwenyewe.

Kipimo nilichotumia

Madrasani tulifundishwa kwamba toba ina masharti matatu: uiache dhambi, uijutie, uazimie kutoirudia. Hayo ni baina yako na Mola wako. Lakini ukiwa umemdhulumu mtu, linaongezeka la nne: umrudishie haki yake, au umwendee akusamehe kwa kinywa chake. Wakristo nao wana Zakayo, mtoza ushuru, aliyesimama akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Sharti hilo la nne ndilo ninalozipimia riwaya hizi. Majuto kila mwandishi mzuri anajua kuyaeleza. Zinapoachana ni pale mkosaji anapotakiwa kunyanyuka na kwenda kubisha hodi kwa aliyemkosea. Yupo bado? Atafungua? Na akifungua, huyo aliyekuja ana nini mkononi?

Kuna jambo la pili ambalo sikuliona mpaka niliposoma zote nne kwa mfululizo. Usaliti katika riwaya hizi unateremka, haupandi. Hassan wa The Kite Runner ni mtoto wa mtumishi. Robbie wa Atonement ni mtoto wa mama mfanya usafi. Joe wa Great Expectations ni mhunzi wa kijijini. Yusuf wa Peponi ni mtoto aliyewekwa rehani. Mtoto wa nyumba kubwa anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba kati ya neno lake na neno la anayekula jikoni, litakalosikilizwa ni lake. Nami nilijua hivyo nikiwa na miaka 10. Ndiyo maana nilinyamaza kwa utulivu kiasi kile.

The Kite Runner: deni linalolipwa kwa mwili

Hosseini alizaliwa Kabul mwaka 1965, akawa daktari Marekani, na riwaya hii ya 2003 ndiyo yake ya kwanza. Amir ni mtoto wa tajiri wa Kipashtuni, kabila kubwa la Afghanistan, katika mtaa wa Wazir Akbar Khan. Hassan ni Mhazara, kabila linalodharauliwa, mtoto wa Ali, mtumishi wa nyumba hiyohiyo. Watoto hawa wawili walinyonyeshwa na mwanamke mmoja. Msomaji wa mbali anaweza kuupita mstari huo bila kusimama. Sisi tunajua maana yake: ni ndugu wa kunyonya, na ndugu wa kunyonya ana haki juu yako. Kwa hiyo kuanzia kurasa za mwanzo kabisa kuna ndugu mmoja anayelala ndani na mwingine anayelala kibandani uani.

Baridi ya mwaka 1975 kuna mashindano ya tiara. Uzi umepakwa unga wa chupa, ukiuvuta unakukata vidole, na tiara ya mwenzako ikikatika watoto huikimbiza mpaka idondoke. Amir anashinda. Hassan anakimbia kumletea ile tiara ya buluu ya mwisho, ambayo Amir anaitaka ili baba yake ampende. Kichochoroni anazibiwa njia na wavulana watatu. Wanamtaka aitoe, anakataa, na wanamfanyia unyama wa kingono. Amir amesimama pembeni ya ukuta, anaona, na anakimbia.

Wengi wanaikumbuka riwaya hii kwa kichochoro hicho. Mimi naikumbuka kwa godoro. Amir hawezi tena kumtazama Hassan usoni, kwa sababu kila akimtazama anajiona mwenyewe. Kwanza anampeleka kilimani, anamrushia makomamanga yaliyoiva na kumtaka naye ampige. Hassan anaokota moja, anajipasulia mwenyewe kwenye paji la uso. Kisha Amir anachukua saa aliyopewa siku ya kuzaliwa pamoja na fedha, anavificha chini ya godoro la Hassan, na kwenda kumshtakia baba. Hassan anaulizwa kama ameiba. Anajibu ndiyo. Anajua nani kaweka, na anajibu ndiyo. Baba, ambaye kwake wizi ndio mzazi wa dhambi zote, anasamehe papo hapo, na msamaha huo unamchoma Amir kuliko fimbo. Ali anasema wataondoka. Gari linawapeleka kituo cha basi, mvua inanyesha, na Amir yuko dirishani. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini na sikukishika kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo Hosseini anawazidi wenzake wote. Anajua kwamba dhambi ya kwanza inaweza kuwa woga, na mtoto mwoga anaeleweka. Ya pili ni hesabu. Tunamfukuza tuliyemkosea kwa sababu uso wake unatudai.

Nusu ya pili ndiyo inayonigawa. Warusi wanaivamia Afghanistan mwaka 1979, Amir na baba yake wanakimbilia Pakistan na hatimaye Fremont, California, na mwaka 2001 simu inapigwa na rafiki wa zamani wa baba: rudi, njia ya kutengeneza ipo. Amir anarudi. Hassan ameshauawa na Taliban. Amebaki mtoto wake, Sohrab, mikononi mwa mtu yuleyule wa kichochoroni. Ili kumtoa, Amir anakubali kipigo cha kuvunjwa mbavu na kupasuliwa mdomo, na katikati ya kipigo anaanza kucheka, kwa sababu hatimaye kuna anayempiga. Ni tukio lenye nguvu sana. Hata hivyo naona mwandishi amemrahisishia. Dunia haina desturi ya kukurudishia adui yuleyule ili upigwe na mkono uleule, ujihisi umelipa. Na aliyestahili kukuuliza kwa nini yuko kaburini.

Kinachoiokoa riwaya ni kimya cha Sohrab. Baada ya yote hayo mtoto hashukuru. Amir aliwahi kumpa ahadi, akaitikisa, na mtoto akafunga mdomo karibu mwaka mzima. Sura hizo za mwisho, ndani ya nyumba safi ya Marekani yenye mtoto asiyesema, ni za kweli kuliko kipigo. Zinaonyesha kwamba kulipa si siku moja ya ushujaa.

Kasoro yake kubwa ni Hassan mwenyewe. Ni mwema kupita kiasi. Hakasiriki, hachoki, hana hata siku moja ya kununa. Tunamsikia kwa sauti yake katika barua moja tu, na hata humo hana neno la lawama. Ukimaliza kitabu unakuwa umemlilia bila kumjua.

Kiingereza chake ni chepesi, sura ni 25, na msomaji wa kidato cha nne anaimaliza kwa wiki moja akiwa na nafasi. Ila mzazi au mwalimu anayeitoa kwa kijana ajue kuna ukatili wa kingono dhidi ya watoto, na kuna jaribio la mtoto kujiua. Usimpe na kumwacha peke yake. Soma naye au uwe tayari kuulizwa.

Atonement: neno moja lisilorudishika

Kiswahili kina kitenzi ambacho riwaya hii ingeweza kukichukua kuwa jina lake: kusingizia. Mwaka 1935, siku ya joto kali, katika nyumba kubwa ya mashambani Uingereza, Briony Tallis mwenye miaka 13 anaandaa mchezo wa kuigiza kwa ajili ya kaka yake anayekuja na mgeni. Ni mtoto anayependa kila kitu kipangike. Kupitia dirisha anamwona dada yake Cecilia na Robbie, mtoto wa mama mfanya usafi, wakiwa kwenye chemchemi ya bustanini, na hakielewi anachokiona. Kisha anasoma barua isiyomhusu. Usiku, binamu yake anashambuliwa gizani. Briony ameona kivuli cha mtu. Polisi wanamuuliza. Anasema alikuwa Robbie.

McEwan anakaa muda mrefu kwenye tofauti kati ya kuona na kujua, na sijasoma mwandishi mwingine aliyeishika vizuri hivyo. Briony hadanganyi kama tunavyoelewa uongo. Yeye "anajua" ni Robbie, kwa kuwa hadithi aliyoijenga kichwani inadai awe Robbie, na swali la kama "alimwona" linamezwa na kule kujua. Kila mtu mzima anayemhoji anaongeza ukuta nyuma yake mpaka hawezi kurudi. Robbie, ambaye mwenye nyumba mwenyewe alimlipia masomo ya Cambridge, anachukuliwa na gari la polisi na kukaa gerezani miaka mitatu na nusu, kisha anatolewa kwenda vitani. Wanaomwamini ni mama yake na Cecilia tu.

Toba ya Briony imeonyeshwa kwa karibu sana. Badala ya kwenda chuo kikuu kama walivyotarajia nyumbani, anajifunza uuguzi London. Anasugua sakafu, anaosha vyombo vya haja, mikono inapasuka kwa maji ya baridi. Mwaka 1940 majeruhi wa vita kutoka Dunkirk, pwani ya Ufaransa, wanamiminika hospitalini, na anakalishwa kando ya kijana wa Kifaransa aliyejeruhiwa kichwani. Kijana anamdhania ni mtu wake wa zamani. Anaomba bandeji ilegezwe. Briony anailegeza, na kilichoko chini ya bandeji kinamfundisha ndani ya dakika moja kuliko vitabu vyote alivyosoma. Anakaa naye hadi mwisho. Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kuliko lolote katika riwaya hizi nne.

Ila tazama sharti la nne. Kuwauguza wengine hakumrudishii Robbie hata siku moja ya jela. Briony analijua hilo, na maisha yake yote ya uandishi ni jaribio la kurudisha haki kwa njia pekee aliyonayo, yaani maneno, kitu kilekile alichoulia. Kurasa za mwisho, za mwaka 1999, zinageuza kila ulichosoma. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba ukizimaliza utabaki na hasira, na hutajua mara moja umkasirikie nani.

Nilimweleza mama habari ya ile noti nikiwa na miaka 27. Alinyamaza, akatengeneza kanga begani, kisha akasema hata jina la kijiji cha yule msichana halikumbuki, ila alitokea upande wa Lushoto. Nikiulizwa ni riwaya ipi kati ya hizi inayomwelewa mtu aliyechelewa, jibu langu ni Atonement bila kusita.

Si nyepesi. Sentensi ni ndefu, sehemu ya kwanza inakwenda polepole kwa makusudi, na kijana aliyezoea hadithi inayokimbia anaweza kuitupa kabla ya ukurasa wa 60. Kuna pia neno la matusi na tukio la mapenzi ambavyo hadithi haiwezi kusimama bila hivyo. Ningeisubirisha mpaka mtu afike miaka 18 hivi, au mapema zaidi akiwa ni kijana anayeandika mwenyewe. Na asiyaanze mambo kwa filamu: The Kite Runner na Atonement zote zilipata filamu mwaka 2007, na ya Atonement hasa itakuharibia mwisho.

Great Expectations: usaliti usio na polisi

Hii nitaipitia kwa haraka, ingawa ndiyo kongwe: ilitoka gazetini kwa mafungu kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Hakuna anayesingiziwa na Pip, hakuna anayefungwa kwa ajili yake. Anachofanya ni kumwonea aibu Joe, shemeji yake mhunzi aliyemlea. Wengi wetu hatujawahi kumsingizia mtu kesi. Kuwaonea aibu wa kwetu, hilo tumelifanya.

Pip amepata mfadhili, amehamia London, amevaa vizuri. Joe anakuja kumtembelea. Anamwita "bwana", yeye aliyekuwa akimlisha. Hajui kofia yake aiweke wapi, anaipachika kwenye ukingo wa juu ya mahali pa kuotea moto, inadondoka; anaiokota, anairudisha, inadondoka tena. Pip anakereka. Anamkiri msomaji kwamba lau fedha ingeweza kumzuia Joe asije, angelipa. Na baadaye akirudi kwenye mji wa kwao, anatafuta sababu ya kulala hotelini badala ya nyumbani kwa Joe. Nani kati ya waliotoka kijijini kwenda mjini hajamwona mtu aliyekwenda kwenye msiba wa kwao akalala gesti?

Hapa sharti la nne linatimia kwa namna ya kugeuka: Pip akiwa mgonjwa na mwenye madeni, anayekuja kumuuguza ni Joe, na madeni anayalipa Joe. Mkosaji hapati hata nafasi ya kulipa. Analipiwa na aliyemkosea. Ni msamaha mzito kuubeba. Sura ni 59 na Kiingereza ni cha karne ya 19, kwa hiyo uvumilivu unahitajika, lakini haki za Dickens zilikwisha zamani na kitabu kinapatikana bure kihalali mtandaoni.

Peponi: upande wa aliyetolewa

Riwaya tatu za mwanzo zinasimuliwa kutoka ndani ya moyo wa aliyekosa. Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, anakuketisha upande wa pili. Paradise ilitoka 1994 na kuingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ni ya Ida Hadjivayanis, imechapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo isiyolipa katika mji wa Kawa, mji ulioinuliwa na reli ya Wajerumani kisha ukaachwa. Ami Aziz, mfanyabiashara mwenye harufu ya ngozi, manukato na viungo, huja mara kwa mara, na kila anapoondoka humpa Yusuf sarafu. Safari hii anaondoka na Yusuf mwenyewe. Wanapanda treni. Ni Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, anayemfumbua macho kwa maneno makavu: yule si ami yako, baba yako anadaiwa, wewe ni rehani.

Angalia jinsi Gurnah anavyolipanga. Hakuna tukio la usaliti. Hakuna kichochoro, hakuna polisi, hakuna saa chini ya godoro. Kuna mama anayemkumbatia mtoto kwa nguvu kuliko kawaida, na baba asiyejua la kusema. Aliyesalitiwa anakuja kujua baadaye, kwa mgeni, na hata akijua hana wa kumwendea kumdai. Aziz si katili. Ni mpole, msafi, mwenye swala zake. Unyang'anyi wake wote umeandikwa vizuri kwenye daftari la madeni.

Msomaji aliyekulia na visa vya Mitume atazisikia nyayo za Sura Yusuf tangu jina lenyewe. Yumo mtoto mzuri wa sura, yumo mfanyabiashara, yuko mke wa bwana anayemtamani, hata shati lililochanika kwa nyuma lipo. Lakini katika Qurani ndugu waliomtosa Yusuf kisimani wanakuja kusimama mbele yake akiwa na mamlaka ya hazina ya Misri, wanakiri, naye anawaambia hapana lawama juu yao siku hiyo. Ndicho kisa kikubwa cha msamaha tulicholelewa nacho. Yusuf wa Gurnah hana hazina, hana Misri, na hakuna anayekuja kukiri. Ninaona hapo ndipo penye uzito wa kitabu: kusamehe kunahitaji uwe na mahali pa kusimama, na mtoto huyu kila anaposimama ni pa mtu. Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliwahi kupewa uhuru wake na akaukataa, akiona hakuna mwenye uwezo wa kumpa kilichokuwa chake tangu mwanzo. Yusuf anamsikiliza na hajui afanye nini na maneno hayo. Hatia aliyonayo ni ya ajabu: aibu ya woga wake, ya kutojitetea, kana kwamba kuuzwa lilikuwa kosa lake.

Riwaya tatu zilinikumbusha nilichofanya. Hii ilinipandisha basi nikaketi pembeni ya yule dada, kifurushi mapajani mwake, nikatazama barabara anayoitazama yeye. Kwa miaka yote nilikuwa nikifikiria dhamiri yangu. Sikuwahi kujiuliza alifika kwao saa ngapi, na aliwaambia nini.

Kisomaji, Peponi inakwenda kwa mwendo wa msafara. Safari ya bara pamoja na mnyapara na wapagazi ni ndefu, ina magonjwa na hongo, na mwenye haraka atachoka. Asichoke: sehemu ni sita tu. Kuna maneno ya watu wazima na vitisho vya kingono, lakini havionyeshwi kwa ukali wa The Kite Runner.

Nani achukue ipi

Hujawahi kumaliza riwaya hata moja, au unamchagulia mtu wa namna hiyo: The Kite Runner. Haikuachi. Ubaya wake ni kwamba inaweza kukufanya uamini kila deni lina siku yake ya kulipwa kwa kishindo.

Unaandika, au una ulimi mwepesi wa kueleza habari za watu: Atonement. Itakufanya uogope sentensi zako kwa muda, na nadhani ni jambo jema.

Umetoka kwenu ukaenda mjini, chuoni au ng'ambo, na simu ya nyumbani ikiita unaangalia kwanza nani yuko karibu: Dickens, hata kama ni sura zile za Joe peke yake.

Na wewe uliyetaka kusoma kwa Kiswahili, au uliyekuwa upande wa kutolewa badala ya kutoa, anza na Peponi. Katika duara la wasomaji ningeiunganisha na The Kite Runner mwezi unaofuata, kwa mpangilio huo. Ukimsoma Yusuf kwanza, ule wema usioisha wa Hassan hautakupita bila kuuhoji. Utatamani kujua alikuwa akifikiri nini usiku, kule kibandani.

Mpwa wangu nilimpa Peponi. Jana usiku alikuja chumbani kwangu kidole kikiwa katikati ya kurasa, akauliza, "Mjomba, mbona anapanda treni hata haulizi atarudi lini?" Nikamwambia asogee taa karibu, aendelee.